Sufuria Yenye Muzee Alikataa Kubeba

Kama mutu angeniambia kwamba mu uzee yangu nitasimama mbele ya mushonaji kule Butembo, nimevaa kanzu nyeupe ya arusi ya binti mwengine, sindano zinanichoma mbavu, ningemujibu aende akalale. Mais nilisimama. Na hiyo haikuwa hata kitu ya mwisho yenye ule binti alinifanyisha.

Niseme kwanza namna alifika kwangu. Niko na kiwanja kidogo mu Bungulu, hapa Beni. Mbele ni nyumba yangu, nyuma kuna vyumba mbili vyenye marehemu bwana yangu alijenga juu ya kupangisha. Batu ya kila namna balipita mule. Kulikuwa mwalimu moja alikuwa analala na kondoo yake ndani, anasema wezi ni bengi. Mwalimu alienda, harufu ya kondoo ikabaki miaka mbili. Basi, hiyo chumba ya kondoo njo masista baliniomba nipatie binti moja anatoka Filipine, anakuja kusaidia bagonjwa kwenye kituo chao ya afya. Nikauliza Filipine ni upande gani, kisha kuvuka Uganda? Sista akacheka, akasema ndiyo, kisha kuvuka Uganda, kisha kuvuka tena, kisha maji, maji, maji.

Alikuwa mufupi sawa mimi, nywele inanyooka kama mvua, na kicheko karibu. Batoto ya njia balikuwa banamufuata banaita Muchina, Muchina. Yeye anasimama, anabasalimia moja moja, anabaeleza kwamba hapana Muchina, ni Mufilipino. Kisha mwezi mbili batoto bote balikuwa banaita Mufilipino, na kelele ilibaki ile ile, mimi ndani sipati kulala muchana.

Chakula sasa. Muchele asubuhi, muchele muchana, muchele magaribi. Nikamuambia, binti, hapa kwetu muchele ni ya sikukuu, mutu anashiba na bugali. Akakula bugali, akasifu, kisha akaenda kupika muchele juu yake. Avoka alikuwa anaponda na sukari na maziwa ya unga. Avoka na sukari. Sisi tunaikula na chumvi, na muhogo ya kuchemsha, na hakuna mutu alisha kulalamika. Nilimukemea. Akanitia kijiko mu kinywa wakati niko nakemea. Sitasema ilikuwa mubaya, mais utamu ya kitu haiko ruhusa ya kuifanya.

Na kila kitu ilikuwa furaha kwake. Mvua ikinyesha, anatoka kuisimamia. Siku ya kazi ikiisha mapema, anaenda Mulekera kuangalia mashamba ya mupunga, anarudia na matope mpaka magoti, anasema ilikuwa sawa kwao. Alinunua kisanduku kidogo cha muziki, siku ya Mungu kisha misa anakiweka kwenye baraza, maneno ya wimbo inapita mu telefone, na yeye anaimba na kipaza sauti sawa mutu wa radio. Jirani yangu, mama moja muprotestanti, mwenye kuongoza kwaya, alikuja kusema kelele ni mingi. Nikafurahi, nikasema sasa binti atasikia mutu. Yule mama aliimba nyimbo mbili kabla ya kurudi kwake.

Neno yenye ilinichokesha kabisa ilikuwa firigisi.

Mutu wa kwetu hahitaji kuelezwa, mais nitaeleza. Ile kinyama ngumu ya ndani ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, ao ya mugeni mukubwa mwanaume. Mwanamuke anaipasua, anaondoa changarawe, anaiosha, anaipika, anaiweka juu ya sahani ya baba. Yeye mwenyewe hawezi kuitia mu kinywa. Mama yangu alikufa bila kuionja. Mimi nilipikia bwana yangu kuku maisha yote, na nilijua firigisi kwa vidole tu. Sasa huyu binti anapika kuku yake ya kwanza kwangu, anakaa kwenye kizingiti, mbele ya batu ya kupita, anaitafuna pole pole sawa karanga. Nikatoka mbio, nikamuambia aingie ndani. Akauliza nimekosa nini, Koko? Alikuwa ananiita Koko, ni kusema nyanya. Nikamueleza yote. Alisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza:

"Na sasa bwana yako alikufa, unapatia nani?"

"Napatia paka."

"Paka yako ni dume?"

"Ni dume."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona kitu ya kuchekesha.

Bon, bwana arusi. Kule kwao banapika kuku na vinegre na sosi moja nyeusi ya chumvi, na bila ile sosi binti alikuwa anasema anahisi ni mugeni. Alitafuta mu Beni yote. Batu bakamuambia kama kitu haiko Butembo, basi Mungu hakuiumba. Akapanda taxi, akaenda. Ile barabara yenye sisi tunaipita tumefunga macho na kusali, yeye aliipita anapiga picha ya kila kilima. Kule Butembo baridi ikamupiga, akanunua tricot mbili, akazivaa zote, akazunguka maduka ya jumla moja moja anauliza sosi nyeusi. Kwa duka ya mwisho, kijana moja mwenye kuleta bidhaa kutoka Uchina akamuambia yuko na carton moja, iliingia na mizigo kwa makosa, miaka sasa inakaa nyuma ya sahani za plastiki, hakuna mutu alisha kuigusa. Akamupatia chupa, akakataa kulipwa. Donc binti alirudia wiki yenye kufuata kumushukuru. Na yenye kufuata. Carton ilikuwa na chupa makumi mbili na ine. Mimi nilihesabu chupa kwenye dirisha yake, na ilipofika kumi nilijua kwamba hapa kuna posa.

Kijana alikuwa muzuri, sitadanganya. Alikuwa anakuja Beni na kabichi, na kitunguu poro, na marakuja za kwao kwenye baridi, anasalimia na mikono mbili. Binti alimufundisha kupika ile kuku nyeusi, na yeye alikuwa anaipika huku anacheka, mikono ya shati imekunjwa. Nikageuza uso, nikajifanya sioni.

Mipango ya ndoa ilipoanza, taabu yangu ikaanza. Masista balisema kwa sababu binti hana ndugu huku, kiwanja yangu itahesabika kwao, na mimi nitahesabika mama. Hakuna mutu aliniuliza. Nikapata binti mwenye mama yake ni muzima, anatuma salamu kila siku kwa telefone.

Na bao, batu ya Filipine, pia bako na miiko yao. Kanzu ya arusi, bibi arusi hawezi kuijaribu kabla ya siku yenyewe, ao ndoa inavunjika. Nikamuambia hiyo ni maneno ya shetani, wewe mutu wa masista. Akajibu, na firigisi? Na kwa sababu tuko kimo moja, njo ilikuwa mimi kwenda Butembo kusimama kwa mushonaji, mimi mujane, na kanzu nyeupe yenye kumeremeta. Mushonaji alikuwa ananiambia, "Mama, usipumue." Batu balipita kwenye mulango, balirudia kuangalia. Moja akanipigia vigelegele. Nilimuambia kitu yenye sitaandika hapa.

Hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa sufuria.

Mama ya binti alisema kwa telefone kutoka kule kwao: "Mimi sina shida ya mbuzi, nitaifanya nini mbuzi ya Congo. Desturi yetu, jamaa ya kijana banakuja mu nyumba ya binti na chakula yenye balipika mu sufuria yao wenyewe, mukubwa wao anaibeba, anaingia nayo, tunakula pamoja, njo banaomba binti. Mimi niko na magoti mubaya, siwezi kusafiri, mais nataka kuona sufuria inapita mulango. Bila hiyo sitatoa baraka." Na binti akatuambia wazi: bila baraka ya mama, hataolewa. Hakusema na hasira. Alisema sawa mutu anasema leo ni siku ya ine.

Kijana alikuwa amepoteza baba, donc mukubwa wao alikuwa kaka ya baba, muzee moja murefu na kofia ya ngozi, mwenye kusema pole pole ili batu bote basikie. Yeye akakataa. Kwetu mwenye kuposa anakuja na mbuzi na kasikisi, ile pombe ya ndizi; chakula ni kazi ya wenye binti. Ukiingia na sufuria kwa bakwe zako, unasema nini? Unasema hawana kuni, bako na njaa, ulibahurumia. Ni matusi. Na mimi, niseme kweli, kwa neno hiyo nilikuwa upande yake. Mutu alete sufuria mu nyumba yangu, majirani batasema nini? Nilimuambia binti hivyo. Akaanza kulia, na mimi nikachoka zaidi, juu mutu mwenye kucheka sana akilia, nyumba inakuwa baridi.

Kisha tukapatana, ao nilizani tumepatana. Mama ya kijana, mwanamuke wa maneno kidogo sana, alisema atapika, na sufuria itakuja ndani ya kapu, imefunikwa, hakuna mutu atajua. Muzee akainamisha kichwa. Kwetu muzee akiinamisha kichwa tunasema amekubali. Hilo njo lilikuwa kosa letu. Pengine alikuwa anaangalia viatu.

Siku ikafika. Asubuhi barabara ilifungwa, kisha saa tano ikafunguliwa, bakafika saa nane imepita na camionnette mbili: jamaa mbele, mbuzi kumi na mbili nyuma. Mbuzi zikashuka, zikaingia mu maua yangu. Kila mbuzi na mwenyewe: ya mama, ya shangazi, ya mujomba, na msemaji anazitaja moja moja, na mimi nainamisha kichwa kwa kila moja sawa mutu mwenye kujua atazipeleka wapi. Telefone ilikuwa juu ya kiti, imeegemea mutungi, na sura ya mama ya binti ndani, amevaa vizuri, maua kwenye kifua. Kule kwao jua ilikuwa imezama. Nyuma yake batu bamejaa, mpaka dirishani.

Mbuzi zikaisha. Mama ya binti akasema kitu. Binti akatufasiria: anauliza, sufuria iko wapi?

Niliangalia mama ya kijana. Yeye aliangalia chini. Nikaangalia muzee.

Muzee akasema kwamba ilibaki Butembo, kwamba camionnette ilijaa. Mbuzi kumi na mbili zilipata nafasi, sufuria moja ikakosa. Kisha akageuka, akaonyesha na mukono chakula yangu, juu mimi, mupumbavu, nilikuwa nimepika tangu alfajiri: muchele, sombe ya majani ya muhogo, nyama, viazi, sikuweza kuacha bageni bakae na njaa mu kiwanja yangu. Akasema:

"Sufuria si hizi? Mumuambie ni sisi tulileta. Atajuaje, kwa telefone?"

Na mimi, sitajificha, nilifikiri: ni kweli, atajuaje. Neno moja tu, na kila mutu anaenda kwake.

Binti alisimama. Alikuwa na kitenge yenye nilimuchagulia, na uso yake haikuwa na kicheko hata kidogo.

"Siku mama yangu ananitoa, njo siku nitamudanganya? Hapana, muzee. Basi mbuzi zirudi."

Aliitikia mama yake kwa luga yao, maneno mafupi, na tukaona kwenye telefone ule mama anashika kinywa. Rezo ya telefone ikakatika hapo hapo. Sura ikasimama, mukono kwenye kinywa, haitikisike. Tulikaa tunaangaliwa na ile sura, batu makumi ine na mbuzi, na hakuna mwenye alijua kama tunangojea ao tumemaliza.

Ni kijana njo aliinuka. Hakusema na mutu. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaniomba kuku. Nikamuambia kuku iko nyuma. Akaomba sufuria, yake mwenyewe, akasema, ile ya mu chumba ya binti, juu yeye njo alimununulia. Alitaka kupita kwenda jikoni, muzee akagonga fimbo chini. Mukwe kuingia jikoni ya mama mukwe, hiyo haikuwe, na siku ile mama mukwe nilikuwa mimi. Kijana akasimama, akafikiri. Kisha akatoa mbabula, jiko ya makala, inje, akaiwasha katikati ya kiwanja, kati ya mbuzi, akachinja kuku, akanyonyoa, akakata, mwanaume mwenye duka mbili, mbele ya bajomba zake. Vinegre, kitunguu saumu, majani, na ile sosi nyeusi, chupa ya mwisho ya carton. Harufu ikapanda. Mama kwaya, jirani yangu, alikuwa juu ya ukuta tangu zamani, akaniuliza kwa sauti kama mwanaume anapika ni kwa sababu niko mugonjwa. Nikamuambia ashuke kabla hajaanguka.

Rezo ikarudi wakati kuku inachemka. Ule mama aliona kijana, jasho kwenye uso, mbuzi moja inamuvuta shati. Aliangalia wakati murefu. Kisha akasema, na binti akafasiria pole pole, juu sauti ilikuwa inamukatika: amepika vizuri. Mais hapana yeye njo atabeba. Mutoto hajiombee mwenyewe. Mukubwa wake abebe.

Bote tukageukia muzee. Muzee akageukia barabara.

Hapo mimi nilichoka kabisa. Sijui kusema mbele ya batu, shule niliifanya miaka tatu tu, mais ile siku maneno ilikuja yenyewe. Nilimuambia:

"Muzee, mimi nilifanywa mama ya mutu sikuzaa. Nilivaa kanzu ya arusi, nikachomwa sindano, Butembo yote ikanicheka. Mbuzi zako zinakula maua yangu na sijasema kitu. Na wewe unashindwa na hatua kumi?"

Akasema kwamba ni heshima, batasema nini juu yake. Na pale, mama ya kijana, mwenye hakukuwa amefungua kinywa tangu camionnette kusimama, akasema bila kuinua kichwa:

"Sufuria yangu uliitoa mu camionnette na mikono yako, shemeji. Ilikuwa na moto bado. Mikono ni ile ile."

Hakuna mutu alicheka. Muzee akapumua kwenye pua. Akaegemeza fimbo kwenye ukuta. Akainama kwa mbabula, akashika masikio ya sufuria, akaiachilia mbio, juu ilikuwa inaunguza. Nilikuwa na kitambaa mukononi, sikumupatia. Niliona aliiangalia, na niliiweka nyuma yangu. Mungu anisamehe. Muzee akavua ile kofia ya ngozi, akaikunja mbili, akashika sufuria nayo, akatembea. Kichwa yake ilikuwa na upara, sikujua. Alitembea pole pole kati ya mbuzi, binti anamufuata na telefone ameinua, na alipopita mulango yangu aliinama juu ni murefu, na ule mama kule kwao, na batu bote ya dirishani, tukasikia banapiga makofi mpaka telefone ikalia vibaya.

Ule mama alisema maneno mengi. Binti alifasiria moja tu: "Amekubali."

Tukaingia kukula. Desturi yao, mwenye kubeba njo anagawa, na anaanza na mama mwenye nyumba. Muzee akachukua kijiko. Alitafuta mu ile sosi nyeusi, na firigisi ikapanda juu, moja, nzuri, imepikwa. Niliona mukono yake inasimama. Maisha yake yote hiyo ilikuwa inakuja kwenye sahani yake bila kuomba. Aliniangalia. Mimi niliangalia paka, juu sikujua niangalie wapi.

Akaiweka kwenye sahani yangu. "Mama mukwe," akasema, na sauti ya mutu anakunywa dawa.

Binti alikuwa ananiangalia na macho makubwa, na kicheko ilikuwa karibu kurudia. Basi nikaitia mu kinywa.

Ni ngumu. Unaitafuna, nayo inakutafuna. Nilitafuna nikifikiri mama yangu, namna alikuwa anaiosha mu maji mara tatu na kuiweka juu ya sahani ya baba, katikati kabisa, na kurudia jikoni. Nilitafuna na hasira, zaidi na zaidi, juu nilikuwa nangojea utamu, na utamu haikuja. Ilikuwa nyama, nyama tu, na vinegre. Ni hii njo tulikuwa tunanyimwa?

Arusi ilikuwa mwezi yenye kufuata, kanzu ikamukaa vizuri, kwa sababu ya mbavu zangu. Bako Butembo sasa, na binti anavaa tricot mbili. Chumba ya nyuma iko wazi, haina harufu tena ya kondoo, inanukia kitunguu saumu. Na nikipika kuku, firigisi nakula mwenyewe, mulango ukiwa wazi, si kwa sababu ni tamu. Paka anakaa mbele yangu ananiangalia mubaya. Nimemuambia aende Butembo, akamulalamikie muzee.